Aliyeliwa Hatoki: Michezo ya Vita na Nafasi ya Kila Mchezaji, Kutoka Ubao wa Bao Hata Ngonjera za Ugogo

Katika kila mchezo wa vita unaochezwa na watu wengi pana shida moja ya kale. Afanye nini yule ambaye zamu yake haijafika, na afanye nini yule aliyekwisha kushindwa? Mchezo wenyewe huchukua saa nyingi. Mmoja acheza, wengine wangoja. Askari wa huyu wamekwisha, naye akaa kando akipiga miayo hali wenzake wangali wanapigana. Mchezo usiopata jibu la shida hii hupoteza watu wake mmoja mmoja, hata wabaki wawili tu wenye hamu nao.

Makala haya yakusudia kueleza jibu lililopatikana katika pwani ya Waswahili na katika bara ya Tanganyika, na kulifuata mpaka Ugogo, nchi ya uwanda wa kati iliyo na Dodoma na Chamwino, ambako lilionekana katika ushairi na katika ngoma. Jibu lenyewe laweza kusemwa kwa maneno machache: aliyeliwa hatoki mchezoni, bali hubadili upande. Lakini kila jibu lina gharama yake, na gharama ya hili nayo yafaa itazamwe, maana iliwagusa watu hai na si kete peke yake.

I. Ubao

Bao la Kiswahili huchezwa juu ya ubao wenye mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8. Kila mchezaji ana safu 2 zilizo upande wake. Kete ni 64, na kwa kawaida ni komwe. Mwanzoni kila mchezaji huweka kete 10 ubaoni: 6 katika shimo liitwalo nyumba, na 4 katika mashimo mawili ya jirani, mbili mbili, zilizosalia 22 huziweka akiba. Wakati wa kunamua kila mmoja hutia kete moja moja kutoka katika akiba yake. Akiba ikiisha, mchezo huingia katika mtaji, na hapo ndipo hesabu ya fundi inapopambanuka na hesabu ya mwanafunzi.

Kwamba mchezo huu ni vita hapana shaka. Safu mbili za mbele zatazamana kama majeshi, na anayepoteza kete zote za safu yake ya mbele, au asiyekuwa na njia ya kucheza, ameshindwa. Hata hivyo msamiati wake hautoki vitani. Pana nyumba, pana kichwa na kimbi, mashimo ya mwisho wa safu na yale yanayofuatia, pana mtaji, neno la mfanya biashara, kete hula, na kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo wa zamu ile hulala. Haya ni maneno ya watu wenye makao, wenye mali, wanaokula na kulala. Msomi wa lugha hana budi kuuliza kwa nini vita vielezwe kwa lugha ya nyumbani.

Sababu yaonekana katika kanuni moja iliyo kubwa kupita zote. Katika bao kete iliyoliwa haiondolewi ubaoni. Mwenye kuila huitwaa na kuipanda katika mashimo yake mwenyewe, akianzia kichwani, na kutoka hapo huanza kufanya kazi kwa bwana mpya. Zikiisha kunamuliwa zote, kete 64 huwamo ubaoni mpaka mwisho, na hakuna hata moja iliyo maiti. Katika sataranji mambo ni kinyume. Askari akiuawa hutolewa nje ya ubao, akakaa mezani bila kazi mpaka mchezo uishe, na kadiri vita viendeleavyo ubao huzidi kuwa mtupu. Mchezaji wa bao huogopa kete zake kugeuka nguvu ya adui. Mchezaji wa sataranji huogopa upungufu. Ndiyo maana lugha ya bao ni ya mali inayozunguka kutoka nyumba hii hata nyumba ile.

Kanuni hii ya kete yafanana sana na desturi ya watu waliouzunguka ubao. Bao ni la watu wawili, lakini ni nadra kuliona likichezwa na wawili peke yao. Iwe ni barazani Unguja, iwe ni chini ya mti Chamwino, huwapo watazamaji ambao kwa kweli hawatazami tu. Huhesabu kimya kimya kila mzunguko, humcheka aliyekosea, hubishana juu ya njia ambayo haikuchezwa, na mchezaji aliyeshindwa husogea kando, akampisha mwingine, naye mara huwa mmoja wa wahesabuji. Alex de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa Zanzibar katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu juu ya ufundi wao mwaka 1995, aliwakuta watu wenye uwezo wa kuona mbele mizunguko mirefu ambayo mgeni hawezi hata kuifuata kwa macho. Ufundi wa namna hiyo hukua katika kutazama kama unavyokua katika kucheza. Basi aliyeshindwa hakuondoka na mikono mitupu: alipandwa tena miongoni mwa wanaojifunza, na kesho huweza kurudi akiwa mwenye nguvu zaidi.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba nafasi hiyo haikuwa ya kila mtu. Baraza la bao kwa desturi lilikuwa la wanaume, na wanawake hawakuhesabiwa katika mzunguko wake. Mduara wowote, hata ulio mpana, una ukingo.

II. Majaribio ya ng'ambo

Mataifa mengine nayo yaliikabili shida hiyo hiyo, na kutazama majibu yao kutasaidia kuliona jibu la huku kwa uwazi.

Al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika juu ya India yapata mwaka 1030, alieleza sataranji ya watu wanne, kila mmoja akiwa na jeshi dogo katika pembe yake, na dado zikirushwa kuamua ni kipande gani kitembezwe. Hapo idadi ya wachezaji iliongezwa, na bahati ikatiwa ndani ili mjuzi mmoja asiwatawale wengine. Lakini zamu zilibaki zamu: mmoja alipocheza, watatu walingoja.

Huko Prussia, von Reisswitz baba alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo wake wa vita mwaka 1812, na mwanawe, ambaye alikuwa afisa wa mizinga, akautengeneza upya na kuutoa kwa chapa mwaka 1824. Mchezo wa mwana uliweka kitu kipya, nacho ni mwamuzi. Maafisa wa kila upande waligawiwa vikosi, wakaandika amri zao, wakampa mwamuzi. Naye akawaonyesha juu ya ramani yale tu ambayo vikosi vyao vingeweza kuyaona. Hapo kila afisa alikuwa na jambo asilolijua mwenzake, na kwa hiyo kila mmoja alihitajiwa. Kazi hii ilipendwa na wakuu wa jeshi kwa sababu ilifundisha vita vya kweli. Ilipofika mwaka 1876, Verdy du Vernois alipendekeza kwamba mwamuzi aache majedwali mengi ya hesabu na aamue kwa ujuzi wake, maana hesabu zilichukua muda mrefu na wachezaji wakachoka kungoja.

Uingereza nako, H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu kidogo juu ya vita vya askari wa bati sakafuni, mchezo uliofaa watu wawili, wanne, au sita, huku saa ikipima muda wa kila zamu ili anayefikiri asiwachelewesha wengine. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilianza Ulaya, vikafika Afrika ya Mashariki pia.

Katika majaribio haya matatu dawa iliyotafutwa ni moja, yaani kuigawa kazi au kuufupisha muda. Swali la aliyeshindwa halikupata jibu. Askari wa bati aliyeanguka alibaki ameanguka, na mwenye jeshi lililokwisha alibaki mtazamaji.

III. Cheo kwa kila mtu

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuanza mchezo mwingine wa vita, mkubwa kuliko ubao wowote. Kutoka miaka ya 1890 kulitokea katika miji ya pwani ya Kenya ngoma iliyoitwa beni, kwa jina la bendi ya Wazungu, nayo ikaenea Tanga na miji mingine ya Tanganyika kabla ya mwaka 1914. Wachezaji walivaa kama askari, wakapiga kwata, wakapuliza baragumu, na kujigawa katika vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Terence Ranger, aliyeandika historia ya ngoma hii mwaka 1975, alionyesha kwamba vyama hivyo mara nyingi vilifuata tofauti za watu mjini: Marini kwa watu waliojiona bora, wakiwamo makarani, na Arinoti kwa wafanya kazi wa hali ya chini na wageni wa bara.

Jambo linalohusu makala haya ni vyeo. Katika beni palikuwa na mfalme, na majenerali, na maafisa wa daraja mbalimbali, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyekuwa mpagazi mchana aliweza jioni kuwa afisa mwenye watu chini yake. Mchezo uliwashika watu mia bila mwamuzi wala dado, maana kila mmoja alikuwa na jina la kujibu na kazi ya kufanya: huyu kushika daftari, huyu kuandaa karamu, huyu kutunga nyimbo za kumkejeli mshindani, huyu kumtembelea mgonjwa. Chama kilimsaidia mwanachama katika ugonjwa na katika maziko. Kilichoshindwa katika mashindano hakikuvunjika. Kilirudi nyumbani kukusanya fedha na kutunga nyimbo mpya. Na mtu aliyehama kwa gari la moshi kutoka mji mmoja kwenda mwingine aliwakuta huko watu wa chama chake, akaingia tena safuni.

Vita vya 1914 hata 1918 viliieneza beni, kwa kuwa askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua kila walikokwenda. Serikali mpya ya Waingereza iliitilia shaka. Mwaka 1919 habari za beni zilikusanywa na maafisa wa upelelezi waliohofia kwamba kwata ile ilificha njama. Hofu hiyo ni ushahidi wa namna yake: kwa macho ya mtawala, mchezo ambao ndani yake kila mtu ana cheo wafanana sana na jeshi.

Bara, katika Ugogo, wakati huo vita havikuwa mchezo. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Serikali mbili, moja baada ya nyingine, zilichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kuanzia mwaka 1917 hata 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya, na Gregory Maddox, aliyeichunguza, ameonyesha jinsi madai ya majeshi yalivyoiongezea ukali. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengine walihama wasirudi. Hii ndiyo tofauti kati ya vita na mchezo, nayo haifai kusahauliwa na anayeandika juu ya mchezo: katika vita vya kweli aliyeliwa hutoka, na nafasi yake hubaki tupu.

IV. Mshindani anayekubali

Katika mwaka ule ule wa 1917, Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo. Huyu ndiye aliyeandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954 na ambacho Maddox alikifasiri na kukitoa tena kwa Kiingereza mwaka 1995. Diwani yake ilitoka mwaka 1963. Alikuwa kiongozi katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliikuza namna ya ushairi iliyojulikana nchi nzima kwa jina la ngonjera. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1969.

Majibizano ya washairi yalikuwapo pwani tangu zamani: mmoja hutoa fumbo au shutuma, mwingine hujibu kwa vina vile vile. Hayo, kama bao, yalikuwa ya mafundi wawili na baraza la wasikilizaji. Ngonjera iliyapeleka majibizano hayo mbele ya watu na kuyagawa kwa wengi. Watoto wa shule walisimama mistari miwili. Huyu alipinga, yule akaeleza. Ubeti mmoja kwa mmoja, ubeti mwingine kwa mwingine, hata mtoto asiyejua kutunga akawa na beti zake za kushika moyoni. Mtoto huyo hakuweza kulala wakati wenzake wakisema, kwa sababu zamu yake ilitegemea kina cha aliyemtangulia.

Lakini sifa iliyo kubwa zaidi ya ngonjera ni mwisho wake. Kwa desturi mpinzani hatukanwi wala hafukuzwi. Husikia hoja, hulegea, hukubali, na mwishoni husema kwa sauti moja na yule aliyekuwa akishindana naye. Ni kete iliyoliwa, ikapandwa upande wa pili. Haihitajiwi kudai kwamba Mnyampala aliitoa kanuni hiyo katika ubao wa bao. Yatosha kuona kwamba mchezo wa ubao, baraza la watazamaji, na majibizano ya ngonjera vyote vitatu vyachukia kumwacha mtu nje, na kwamba lugha moja ndiyo iliyovibeba.

Hapo ndipo gharama ionekanapo. Katika bao hakuna ajuaye mwanzoni kete ipi italala upande upi. Kubadili upande ni tukio la mchezo. Katika ngonjera mwisho ulikwisha kuandikwa kabla ya mtoto wa kwanza kufungua kinywa. Mpinzani alikuwa na nafasi, lakini hakuwa na uwezo wa kushinda. Na miaka ile ile ya mwanzo wa 1970 Ugogo ulikuwa katika Operesheni Dodoma, ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Neno operesheni lenyewe liliingia kutoka katika lugha ya kijeshi. Chamwino kilikuwa kijiji kimoja cha vijiji hivyo, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa bao, alikaa huko akishiriki na wanakijiji katika kufyatua matofali. Tendo hilo lilikuwa na maana: kiongozi naye ana zamu yake katika kazi. Walakini wako waliohamia kwa hiari na wako walioshurutishwa, na hao wa pili walipewa nyumba katika mpango ambao hawakuulizwa. Kumshirikisha kila mtu na kumhesabu kila mtu ni mambo mawili yasiyo sawa.

V. Sauti ya kila mmoja

Wagogo wenyewe walikuwa na kipimo chao cha jambo hili, cha kale kuliko ngonjera, nacho ni muziki. Katika nindo sauti nyingi huimba pamoja bila ala, kila kundi likishika njia yake, hata mgeni asijue uzi wa wimbo umeanzia kinywani mwa nani. Katika muheme wanawake hupiga ngoma wakiwa wamezishika kati ya magoti yao, kubwa na ndogo zikijibizana. Hapa hakuna wa kungoja wala wa kushindwa. Mpigaji mmoja akinyamaza, pengo husikika mara moja, na kusikika kwa pengo hilo ndiko kunakomwonyesha kwamba alikuwa anahitajiwa. Na wanawake, ambao baraza la bao liliwaacha ukingoni, katika muheme ndio wenye kushika mapigo.

Hazina hii haikuisha. Mwaka 2009 lilianzishwa Chamwino tamasha la muziki wa Cigogo, kwa juhudi za Kedmon Mapana, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliye mzaliwa wa nchi hiyo, na makundi ya vijiji mbalimbali huja kuimba na kusikiliza. Kijiji kilichojulikana kwa Ikulu, tena kilichotajwa zaidi baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, chatajwa sasa kwa ajili ya ngoma pia. Kundi lililokwisha kuimba hukaa miongoni mwa wasikilizaji na kuwa baraza la kundi linalofuata, kama ilivyo katika bao.

Kutokana na mifano hii yaweza kusemwa hivi. Majaribio ya Prussia na Uingereza yalitafuta jinsi ya kumpa kila mchezaji zamu. Bao, beni, na ngonjera zilitafuta jinsi ya kumpa kila mmoja mahali, hata baada ya zamu yake kwisha au jeshi lake kuliwa. Njia hii ya pili huwashika watu wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu haimwachi mshindwa barabarani. Hatari yake ni kwamba mahali paweza kutolewa kwa mtu bila sauti, kama kete, ambayo daima imo mchezoni lakini kamwe haiulizwi ipandwe wapi. Muziki wa Ugogo waonyesha sharti linalokosekana katika ubao: aliyepewa nafasi lazima aweze kusikika akinyamaza. Mchezo wa vita, au baraza, au kijiji, kitakachotimiza sharti hilo kimeipata dawa ya shida ile ya kale. Kisichotimiza kimewahesabu watu wake tu.